Kitu Kidogo Kisicho Jina

Katika nchi ya Wazigua, tangu Handeni mpaka kingo za mto Pangani karibu na Korogwe, mahali pengi hutajwa kwa majina yenye mwanzo mmoja. Msafiri husikia Kwamatuku na Kwamsisi, Kwamkono na Kwaluguru. Akiingia wilaya ya Korogwe husikia Kwashemshi na Kwamndolwa. Neno hilo kwa ni ishara ya makazi: ni kwa fulani, alipokaa au alipolima. Aghalabu huyo fulani amekwisha sahauliwa, wala sokoni hapana awezaye kueleza alikuwa mtu wa namna gani. Walakini jina lake limebaki, na kazi yake ni kumfikisha mgeni aendako. Jina likikosekana mgeni hupotea, ingawa mahali penyewe papo palepale.

Mwalimu mmoja wa fizikia katika kata ya Kwaluguru aliujua ukweli wa jambo hili kwa sababu ya kipande cha plastiki nyeupe kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Mwalimu huyu hakuwa fundi wa kuajiriwa. Alikuwa mmoja wa watu ambao, kazi ya mchana ikiisha, hawapendi kukaa barazani wala kucheza bao, bali huvuta meza karibu na taa na kuanza kuchokora vitu vya umeme mdogo. Alikwisha tengeneza kengele iliyolia mbuzi alipoingia bustanini, na taa iliyojiwasha jua lilipozama. Vitu hivi havikumletea senti. Mkewe alivivumilia kama vile wake wa wavuvi wanavyovumilia harufu ya nyavu. Meza ilijaa vipande vya waya, matone ya lehemu na bodi za redio zilizokufa, na kila aliyetaka kula juu yake alipaswa kuomba ruhusa.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Ilikuwa sanduku la mbao lililofunikwa ndani kwa sponji ngumu, lenye taa nne za volti 12 zilizopata nguvu katika betri kubwa ya sola. Joto la mayai ya kuku hapana budi likae karibu na nyuzi 37.5 kwa siku 21. Likizidi sana, kiumbe hupikwa kabla ya kuzaliwa, na likipungua kwa muda mrefu hudhoofika na kufa. Kwa hiyo mwalimu aliweka katika pembe ya sanduku bodi ndogo aliyoiunga mwenyewe, iliyopima joto na kuwasha au kuzima taa. Bodi hiyo ilikuwa na betri yake peke yake, bapa, ya lithiamu, ya volti 3.7, ili wakati betri kubwa inapochoka bodi isisahau siku wala saa, na iweze kupiga kelele za kumwamsha mwenyewe. Betri hii ndogo iliingia katika bodi kwa plagi ya pini mbili. Hicho ndicho kipande kilichotajwa juu.

Jirani yake alikuwa bibi mmoja mjane aliyekuwa amepoteza kuku karibu wote kwa ugonjwa wa mdondo. Mdondo hauna huruma. Huingia kijijini, na baada ya juma moja jogoo wa kuwika hapatikani. Bibi alibakiwa na kuku wachache, akanunua mayai mengine kwa majirani hapa mawili, pale matatu, mpaka yakatimia 40, akayaleta kwa mwalimu katika kikapu chenye makapi ya mpunga. Hakuja kucheza. Fedha za mayai hayo zilitoka katika akiba ya sare ya mjukuu wake.

“Mwanangu,” alisema, “kuku wangu akiatamia hutoa kumi, kisha hatagi kwa miezi. Sanduku lako hutoa arobaini kwa mara moja. Nimekuja kujaribu.”

“Shikamoo, Bibi. Karibu. Mayai yako yapo salama kwangu.”

Siku ya saba mwalimu aliyapima kwa mwanga, akaona matano hayana kitu ndani, akayatoa. Yakabaki 35. Bibi alionyeshwa mishipa myekundu iliyotanda ndani ya ganda mfano wa mizizi ya mche, akafurahi sana, akamwita na mjukuu aje kutazama.

Siku ya kumi na moja mwalimu aliona betri ile bapa imevimba kama mto wa kulalia. Betri ya lithiamu iliyovimba haifai kuachwa katika sanduku la mbao lenye joto, na hili alilijua vema. Akaivuta upesi. Kwa haraka yake alishika waya badala ya kushika plagi. Waya zikatoka pamoja na vile vikopa viwili vidogo vilivyomo ndani, plastiki ikapasuka, nusu yake ikabaki katika bodi. Alipoitoa kwa kibano alikuwa na soketi nzima ndani ya bodi, na mkononi vumbi la plastiki lisilofaa kitu.

Usiku huo familia ilianza zamu. Mwalimu, mkewe na mwanawe wa kwanza walikaa kando ya sanduku kwa saa, kipimajoto cha maabara mkononi, wakiwasha taa joto liliposhuka chini ya 37 na kuzizima lilipokaribia 38. Simu ilitumika kuwaamsha. Kupata betri mpya si shida kubwa. Shida ilikuwa kujua plagi ile yaitwaje.

Mtu asiyejua kazi hii aweza kudhani kwamba ni jambo la kwenda dukani na kusema, nipe plagi ndogo nyeupe ya pini mbili. Ni sawa na kufika stendi ya Segera na kuuliza njia ya kwenda kwa mtu mfupi. Wafupi ni wengi. Na hapa lugha nayo haikumsaidia sana. Kiungo ni neno zuri, lakini limelemewa: ni kiungo cha goti, ni kiungo cha mchuzi, na ni kiungo cha mnyororo. Kiunganishi limechukuliwa na wanasarufi, nao wamelitia ndani na pamoja na lakini, wala hawaonyeshi dalili ya kulirudisha. Mafundi wenyewe husema plagi, soketi, jeki na pini, na kwa kutofautisha husema dume na jike, kama maseremala na wafua vyuma wasemavyo. Maneno hayo yatosha kabisa kwa kitu kinachoonekana mkononi. Hayatoshi kumweleza mtu aliye Kariakoo, aliye mbali, ambaye hana macho ya kuona unachokishika.

Kwa chaja za simu watu walikwisha pata dawa ya shida hii. Zamani za simu za Nokia kila mtu nchini alijua pini nene na pini nyembamba. Ile nene ilikuwa ya milimita 3.5, ile nyembamba ya milimita 2, na mtoto wa darasa la pili aliweza kutumwa dukani akarudi na iliyo sawa. Jina lilitokana na umbo, na umbo lilionekana kwa jicho. Lakini plagi ya duara ya taa za sola ni mtihani mwingine. Nje zote huwa na milimita 5.5, na ndani moja ina tundu la 2.1 na nyingine la 2.5. Tundu likiwa dogo kuliko pini, plagi haiingii, na mnunuzi hurudi dukani kugombana. Tundu likiwa kubwa, plagi huingia vizuri sana, kisha taa huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, na watu husema sola imekwisha nguvu ilhali sola haina kosa. Kisichoingia humwonya mwenyewe. Kinachoingia kwa ulegevu humdanganya.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi. Mwalimu alifika Handeni mjini, akapanda basi la Korogwe. Njia hiyo ni kilometa 65, nayo ni ya lami siku hizi. Alikuwa Manundu kabla ya saa nne. Hapo alikuwapo fundi mzee wa redio, mtu aliyeanza kazi enzi za redio za transista na mkanda wa ngozi, akazipita kaseti na televisheni za mgongo mkubwa, na sasa riziki yake ilikuwa spika za kuchaji na taa za sola. Kibanda chake kilikuwa na makopo ya maziwa ya unga yasiyopungua ishirini, na kila kopo lilijaa plagi na soketi alizozing'oa katika vitu vilivyokufa. Hapana kopo lililoandikwa neno.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Mashine yaendeleaje?”

Mwalimu aliweka bodi juu ya meza. Fundi hakuuliza jina la soketi. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pini zile mbili, akafumba macho kidogo, akatia mkono katika kopo la tatu, akatoa plagi, akaijaribu: kubwa. Akatoa nyingine katika kopo la tano: ilikuwa na mbavu mbili ubavuni zilizokataa kuingia. Ya tatu iliingia nusu. Alipofika ya saba alicheka.

“Ukucha wangu waniambia hii ni ndogo kuliko zile za bodi za televisheni, na ni kubwa kuliko zile za kamera. Yake sinayo. Nikuondolee taabu? Lete betri, nikate waya, nilehemu moja kwa moja katika bodi. Dakika tano.”

Ushauri huu ulikuwa mwema, na lazima usemwe waziwazi kuwa ulikuwa mwema, kwa kuwa hadithi yote iliyosalia inategemea kukataliwa kwake. Kulehemu ni elimu ya kale. Wafua fedha wa pwani walilehemu vikuku na mikufu kabla ya redio kuzaliwa, na neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, lenye udugu na neno la lugha hiyo la nyama: kulehemu ni kufanya vyuma viwili viwe nyama moja. Fundi alilehemu kila kitu, na kazi zake zilidumu. Mwalimu alijibu kwamba betri ya lithiamu lazima iweze kutolewa upesi ikivimba, na kwamba si salama kuifunga katika bodi daima. Sababu hiyo ilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba alitaka kujua. Kitu kilikuwa mbele ya macho yake, kimetengenezwa na watu, kimepewa jina mahali fulani, naye mwalimu wa fizikia hakulijua. Jambo hilo lilimwasha kuliko usingizi aliokosa.

Basi akaomba rula ya chuma, wakaanza kupima.

Katika elimu ya plagi hizi jambo la kwanza si upana wa plastiki wala rangi yake, bali ni nafasi baina ya pini na pini, kutoka katikati ya moja hata katikati ya ya pili. Nafasi hiyo ndiyo nasaba. Kuna jamaa za milimita 1, za 1.25, za 1.5, za 2, za 2.5, na za 2.54. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazowaumiza watu. Ile ya 2.54 ni sehemu ya kumi ya inchi, iliyotoka katika vipimo vya Kiingereza. Ile ya 2.5 ni ya watu wa mita. Tofauti yake ni sehemu nne za mia za milimita, wala hapana jicho liwezalo kuiona. Kwa pini mbili au tatu haina madhara, hizo mbili huingiliana kama ndugu. Lakini chukua safu ya pini kumi. Pini kumi zina nafasi tisa; tisa mara 2.54 ni 22.86, na tisa mara 2.5 ni 22.5. Sasa tofauti ni zaidi ya theluthi moja ya milimita, na rula huiona, na plagi hugoma. Ndiyo maana mpimaji mwerevu hapimi nafasi moja. Hupima safu nzima, kisha hugawanya, na kosa la mkono wake hugawanyika pamoja nayo. Fundi alipoonyeshwa hesabu hii alitafuta kopo lenye soketi za pini nyingi akapima sita mfululizo, akifurahi kila mara jibu lilipotoka.

“Kumbe ndiyo sababu,” alisema. Alikumbuka bodi moja iliyomtesa, ambayo plagi yake iliingia upande mmoja na kuinuka upande wa pili.

Mfano wa jambo hili umo katika reli. Njia ya Usambara iliyofika Korogwe mwaka 1902 ina upana wa mita moja baina ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA, iliyokamilishwa mwaka 1975, ina milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, nayo imetosha kuifanya mizigo ihamishwe pale Kidatu kutoka behewa la reli moja kwenda la nyingine. Na reli mpya iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 ina milimita 1,435. Nchi moja, njia tatu, na behewa halijui siasa. Hujua upana tu.

Soketi ya mwalimu ilikuwa na pini mbili, basi nafasi moja tu, wala hapakuwa na safu ya kugawanya. Walipima mara nyingi, wakapata karibu na 2. Hapo mwalimu, ambaye simu yake ilishika mtandao vizuri Manundu kuliko Kwaluguru, alikaa juu ya kreti ya soda akatafuta picha na michoro kwa saa mbili. Akazisoma nasaba.

Plagi nyingi nyeupe za namna hii huitwa kwa herufi tatu, JST, jina la kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa Osaka mwaka 1957. Herufi hizo kwa asili husimamia maneno yenye maana ya vikomo vya waya visivyohitaji lehemu, maana waya haulehemiwi bali hufinywa ndani ya kikopa kwa koleo maalumu. Fundi alipotafsiriwa hili alistaajabu, kwa kuwa kila plagi katika makopo yake alikuwa ameilehemu. Lakini kusema JST ni kama kusema Mzigua. Bado hujasema ni wa ukoo gani. Ukoo wa XH una 2.5, PH una 2, ZH una 1.5, GH una 1.25, na SH una 1. Tena ziko plagi za 1.25 zilizobuniwa na Molex, kampuni ya Kimarekani, ambazo wauzaji wengi huziuza kwa jina la JST bila haya. Ajabu zaidi ni zile nyeusi za waya za kuunganishia bodi za wanafunzi, ambazo dunia nzima huziita Dupont. Asili yake ni kampuni ya Berg, iliyonunuliwa na DuPont mwaka 1972 na baadaye kuuzwa tena. DuPont yenyewe haizitengenezi, na nyingi zilizomo sokoni ni nakala zisizo na baba. Jina limebaki peke yake, kama majina yale ya kwa fulani, fulani mwenyewe akiwa hayupo.

Hatimaye picha moja ilifanana kwa kila hali: nafasi ya 2, kuta nyembamba, hakuna ulimi wa kufungia, plagi hushikwa kwa kubanana tu. PH, pini mbili. Mwalimu aliandika herufi hizo na tarakimu katika kiganja cha mkono, akalinyanyua bega kama mtu aliyetua mzigo. Akapiga simu kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo. Mara hii hakueleza rangi wala hakusema ndogo. Alisema, betri ya lithiamu yenye plagi ya PH, milimita 2. Muuzaji akajibu papo hapo kwamba anayo, na kwamba ataipeleka kwa basi usiku.

Fundi aliwasha tena chuma chake cha kulehemu, akakiweka karibu, akamtazama mwalimu bila kusema neno. Mwalimu alishukuru, akaaga.

Kifurushi hakikufika Jumapili. Kilifika Jumatatu, siku ya kumi na nne ya mayai, saa kumi jioni. Familia ilikuwa imekesha usiku wa tatu. Mtoto alikuwa amelala darasani, mkewe alikuwa amechoma ugali. Mwalimu alifungua kifurushi barazani, mbele ya bibi aliyekuja kuulizia hali. Betri ilikuwa nzuri, bapa, ngumu, na plagi yake ilikuwa ileile. Aliisukuma katika soketi. Iliingia kwa mlio mdogo wa kuridhisha, kama mlango wa sanduku zuri unavyojifunga.

Ukafuata mlio mwingine, mdogo zaidi, na uzi wa moshi ukainuka katika bodi.

Aliivuta, safari hii kwa kushika plagi, lakini ilikuwa imekwisha. Kipande kikuu cha bodi, kilichokuwa akili ya mashine, kilikuwa na kidonda cheusi katikati. Akachukua mita akapima betri, akaelewa. Katika betri ya kwanza waya mwekundu ulikuwa kulia. Katika hii ulikuwa kushoto. Plagi ni ileile, nafasi ni ileile, jina ni lilelile. Lakini jina PH lasema umbo, wala halisemi chanya ikae wapi. Waliobuni plagi hawakuamuru hilo, na kila auzaye betri huweka waya apendavyo. Mita ilikuwa mezani muda wote. Kupima kungechukua muda wa kupiga chafya. Hakupima, kwa sababu alikuwa na jina, na mwenye jina hujiona amefika.

Bibi alinusa moshi.

“Imekufa?”

“Imekufa, Bibi. Kosa ni langu.”

“Na mayai?”

“Mayai yangali hai. Taa zafanya kazi. Lakini hapana wa kuziongoza ila sisi, na zimebaki siku saba.”

Bibi alimtazama mke wa mwalimu, akayaona macho yake, akasimama akaenda zake bila kuaga. Mwalimu alidhani amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Giza lilipoingia alirudi na kuku wawili kwapani, mmoja wake, mmoja wa kuazima, wote wakali, manyoya yamesimama, wakiwa katika siku zao za kuatamia. Aliagiza taa zipunguzwe, maana kuku anayeatamia huyapokea mayai ya kigeni gizani, mchana huyashuku. Aliwaweka katika vikapu viwili jikoni, akaanza kuwatilia mayai chini ya kifua, moja moja, akihesabu kwa sauti ya chini. Kumi na moja kwa huyu. Kumi na moja kwa yule.

“Hawa hawajasoma fizikia, mwanangu,” alisema alipomaliza, “lakini nyekundu yao ipo mahali pake.”

Mayai 13 yalibaki sandukuni. Kuyaangalia 13 si rahisi kuliko kuyaangalia 35, joto ni lilelile na usiku ni uleule. Lakini sasa bibi naye alishika zamu, ya saa nane hadi alfajiri, na mke wa mwalimu akapata usingizi. Siku ya kumi na nane waliacha kuyageuza. Siku ya ishirini na moja kuku wa bibi alikuwa na vifaranga tisa, yule wa kuazima tisa vilevile, na sanduku likatoa sita. Mayai saba ya sandukuni hayakufunguka. Mwalimu alipoyavunja aliona viumbe vimekamilika, na manyoya, na mdomo. Akayafukia nyuma ya nyumba peke yake, kabla watoto hawajaamka. Sare ya mjukuu ilichelewa muhula mmoja.

Mwalimu alipopata nafasi alikwenda tena Korogwe na bodi iliyoungua. Fundi aliigeuzageuza, akasema hapana cha kuokoa isipokuwa soketi. Akaing'oa kwa uangalifu, akaifuta, akafungua kopo tupu, akaitumbukiza. Mwalimu alikata kipande cha karatasi, akaandika PH 2.0, akakibandika ubavuni mwa kopo. Fundi alikitazama kitambo.

“Andika na chanya iko upande gani.”

“Haina upande, mzee. Hiyo ndiyo iliyonichoma.”

“Basi andika hivyo.”

Mwalimu akaandika chini yake, kwa wino mwekundu: pima kwanza. Siku hiyo walikaa hata alasiri wakipima makopo yaliyobaki, fundi akitumia ukucha na mwalimu rula, na mara nyingi ukucha ulitangulia kufika. Kumi na moja yalipata majina. Mengine yalishindikana, nayo yakaandikwa kwa jina la kitu yalikotoka: ya spika ya bluu, ya taa ya mkulima, ya kamera ya benki.

Mwanzo wa vuli bodi mpya ilikuwa tayari. Bibi alikuja na kikapu kilekile chenye makapi ya mpunga. Kabla ya kutoa yai hata moja aliomba aonyeshwe betri, akainama, akaweka kidole juu ya waya.

“Huu mwekundu ndio wewe umeupima?”

“Nimeupima, Bibi. Mara mbili.”

Akahesabu mayai thelathini, akayapanga sandukuni. Kumi aliyaacha kikapuni, akarudi nayo kwake, kwa kuku.